Nani Alisema Masikio Hayasomi?

Kila nikitaja kwa video kwamba nimemaliza kitabu fulani, kuna msee lazima aulize kama nilikisoma ama nilikisikiza. Nikisema nilikisikiza, anacheka. Ati hiyo ni kama kusema umeshiba kwa sababu ulinusa pilau ya jirani. Poa, utani mtamu, hata mimi nilicheka. Lakini umerudi mara nyingi hadi nimechoka kucheka, na leo nataka tuliongelee hili jambo pole pole.

Kwanza ujue ninasikiza wapi, maana wengi wenu mnafikiria nalipia zile programu za vitabu vya sauti zinazokata pesa kila mwezi. Mimi? Na hii doo ya kubahatisha? Natumia LibriVox. Ni bure. Si ile bure ya siku 7 halafu wanakula kadi yako. Hakuna akaunti ya kufungua, hakuna nywila, hakuna tangazo la kamari katikati ya sura. Ilianzishwa Agosti 2005 na jamaa wa Montreal, Kanada, anaitwa Hugh McGuire. Wazo lake lilikuwa rahisi sana. Kuna vitabu vya zamani ambavyo hakimiliki yake imeisha. Maandishi yake tayari yako kwenye intaneti. Basi kwa nini watu wa kawaida wasigawane sura, kila mmoja asome yake kwa sauti akiwa kwake nyumbani, halafu ziunganishwe ziwe kitabu kizima? Walianza na riwaya moja ya Joseph Conrad, The Secret Agent. Saa hii kuna rekodi zaidi ya 20,000, na hakuna msomaji hata mmoja aliyelipwa hata ya chai.

Hiyo ya hakimiliki kuisha isikutishe. Wanafuata sheria ya Marekani, na huko vitabu vya kitambo hulindwa miaka 95 tangu vichapishwe. Ikipita hiyo, kila Januari 1 vingine vinaachiliwa, vinakuwa mali ya umma. Ni vyako, ni vyangu, ni vya mama mboga. Na rekodi zenyewe pia wanaziachilia hivyo hivyo, ndiyo maana utapata watu wamezichukua wakazipakia YouTube na matangazo juu. Hawajavunja sheria. Lakini kwa nini usikize matangazo ya mtu mwingine ilhali unaweza kwenda kisimani mwenyewe?

Na kwa wale wa bando, hesabu ni hii. Faili zao ndogo zimewekwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ambayo ni kama MB 29 kwa saa moja ya kusikiza. Kitabu cha saa nane hakifiki MB 240. Pakua mahali pana WiFi ya bure, weka simu mfukoni, umemaliza. Mimi hushika matatu ya 125 kutoka tao hadi Rongai, na mvua ikinyesha jioni Magadi Road inageuka maegesho. Wasee wanatukana, konda anatafuta njia ya vumbi, mimi niko na hedifoni mtu ananisomea riwaya. Sijawahi kuuchukia msongamano tangu hapo. Sawa, nauchukia, lakini kidogo.

Sasa nisikudanganye kuhusu sauti zenyewe. Ukizoea zile sauti za redio, mara ya kwanza utashtuka. Sura ya kwanza inasomwa na mama wa Marekani polepole kama anakulaza. Sura ya pili ni mzee wa Uingereza amekauka koo. Ya tatu ni kijana ambaye Kiingereza wazi si lugha yake ya kwanza, na anapambana na kila jina la mji. Unasikia kiti kinalia. Unasikia mtu anameza mate. Na kila sura inaanza na yale maneno yale yale ya kukukumbusha kwamba hii ni rekodi ya LibriVox, ni mali ya umma, na ukitaka kujitolea karibu. Mwanzoni inakera. Baada ya vitabu vitatu unaanza kuikariri kama tangazo la chama cha akina mama.

Kuna rafiki yangu alisikiza dakika mbili akarudisha hedifoni. Ati afadhali sauti ya mashine, siku hizi kompyuta inasoma vizuri kuliko binadamu. Labda. LibriVox hawapokei sauti za mashine, wanataka watu, na mimi niko upande wao. Mashine haichoki, kweli. Lakini pia haikuamua chochote. Huyu mzee wa koo kavu alitoka kazini, akafunga dirisha, akazima feni, akanisomea mimi ambaye hatanijua hadi afe. Mahali pa kuchekesha kwenye sura unasikia sauti yake inatabasamu. Hiyo kitu bado sijaipata kwa mashine, na mimi ni mtu wa teknolojia, msinianze.

Kitabu kilichonifanya nisimame upande huu kabisa ni Frankenstein. Najua unadhani unakijua. Lile jitu la kijani lenye skrubu shingoni, sivyo? Skrubu ni za filamu. Kitabu chenyewe kiliandikwa na Mary Shelley, aliyeanza kukiandika 1816 akiwa na miaka 18, kando ya ziwa la Geneva, msimu ambao mvua iligoma kuacha. Kikachapishwa 1818. Toleo la kwanza halikuwa hata na jina lake. Msichana wa miaka 18, hakuwahi kukanyaga chuo kikuu, akaandika kitu ambacho dunia inakikopi hadi leo. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili nilifurahi sana kujua hilo, kwa sababu zangu.

Lakini sikiza hii. Katikati ya kitabu, yule kiumbe, baada ya mtu aliyemtengeneza kumtoroka, anajificha kwenye kibanda kilichoegemea nyumba ya familia moja maskini. Kuna ufa kwa ukuta. Anachungulia, anatega sikio. Hajui lugha yoyote. Kwa kusikiza tu anaanza kujua kwamba sauti hii ni moto, hii ni mkate, hii ni jina la mtu. Halafu anakuja msichana mgeni, Mwarabu, na kijana wa nyumba anaanza kumsomea kitabu cha historia kwa sauti ili ajifunze lugha. Na yule kiumbe kule nyuma ya ukuta anapata darasa lote la bure. Anajua habari za milki zilizoinuka na kuanguka, anajua kuna matajiri na maskini, anajua yeye ni nani kati ya hao. Analia. Baadaye ndipo anaokota vitabu na kuvisoma kwa macho. Shule yake ya kwanza ilikuwa ufa kwenye ukuta.

Nilikuwa kwa matatu nikisikiza hiyo sura, na nikafikiria, kwani huyu ni nani kama si mimi? Mtu mwingine anasomewa, mimi niko nyuma ya ukuta nachukua.

Mathe pia alikipata hicho kitabu bila kukusudia. Jumapili moja alikuwa anapiga pasi nguo za kanisa, mimi nikawasha spika kwa sababu hedifoni zilikuwa zimekufa upande mmoja. Akauliza hiyo ni redio gani. Nikamwambia ni kitabu. Akanyamaza. Sura mbili baadaye akaweka pasi chini, akasema, "Kwa hivyo huyu mtu alizaa mtoto, akaona ni mbaya, akamtupa? Na sasa analia ati mtoto amemharibia maisha?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi shida ni baba," akaendelea na kola ya shati. Mathe aliishia darasa la nane. Kuna watu wamelipa karo miaka minne kuandika hiyo hoja kwa kurasa 15.

Na sasa hapa ndipo ule utani wa pilau unaacha kunichekesha. Mathe hawezi kukaa chini na kitabu cha kurasa 250. Si eti hajui kusoma. Anaamka saa kumi usiku kuwahi soko, anarudi saa moja jioni, macho yamechoka, na taa ya pale kwetu ni ya tokeni. Masikio yake peke yake ndiyo yanabaki huru akifua, akipika, akipiga pasi. Ukimwambia kusikiza si kusoma, unamwambia vitabu si vya mtu anayefanya kazi kwa mikono.

Mimi stori yangu ni fupi. Karo ilikwama, mtandao wa wanafunzi ukanifungia, halafu kadi ya maktaba ikaacha kufungua mlango. Sitataja chuo, na sina haja ya kupigana nacho, wako na bili zao. Lakini watu huongea kuhusu kuacha chuo kama ni kupoteza cheti tu. Mimi kilichoniuma ni ule mlango. Ghorofa tatu za vitabu, na askari ananijua kwa jina, na bado siwezi kuingia. Kitabu kimoja kipya dukani tao kinaweza kula pesa yako ya chakula ya wiki nzima. Maktaba za umma zipo, na ninazitumia, ukiweza kufika kabla hazijafungwa. Lakini hii ya kusikizwa haifungwi saa kumi na moja, na haiulizi kama umelipa karo.

Wala si mimi wa kwanza. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa huko Maryland, Marekani. Akiwa mtoto alipelekwa Baltimore, na bibi wa nyumba, Sophia Auld, akaanza kumfundisha alfabeti, hadi mumewe akakataza, akasema mtumwa akijua kusoma hatakaa tena. Hiyo sehemu wengi mnaijua kutoka kitabu chake cha 1845. Lakini alitoa kingine 1855, na humo anaeleza kilichotangulia. Huyo bibi alikuwa na tabia ya kusoma Biblia kwa sauti mume akiwa ametoka. Mtoto alisikia. Kile kitu cha mtu kutazama karatasi halafu maneno yatoke ndicho kilichomtia hamu. Sikio ndilo lilimpeleka kwa herufi. Baada ya kukatazwa akawa anabeba mkate mfukoni akiwapa watoto wazungu maskini wa mtaani, nao wanamlipa kwa masomo. Vitabu vyake viko mali ya umma leo. Kitu kilichokuwa hatia kwake, mtu fulani amekusomea bure.

Ama enda Cuba. Kuanzia 1865, kwenye viwanda vya sigara vya Havana, wafanyakazi walikuwa wanakaa kwenye mabenchi wakisokota tumbaku siku nzima, na mmoja anakaa mahali pa juu anawasomea. Magazeti asubuhi, riwaya mchana. Aliyelipa msomaji hakuwa tajiri wa kiwanda, wenyewe walichanga. Inasemekana hata sigara za Montecristo zilipata jina kutoka riwaya ya Dumas waliyoipenda, The Count of Monte Cristo. Wengi wao hawakuwa na muda wala elimu ya kusoma wenyewe, na walibishana juu ya wahusika kama vile nyinyi mnabishana juu ya Arsenal. Nenda uwaambie hao hawakusoma.

Kuna pingamizi moja ambayo ninaiheshimu zaidi ya ile ya pilau. Msee mmoja wa baze yetu aliniuliza, "Na hivi vyote si vitabu vya wazungu waliokufa? Umetoka shule ya mkoloni ukaingia kwa redio ya mkoloni." Ana haki ya kuuliza. Kitabu cha kwanza cha LibriVox ni cha Conrad, na Conrad huyo huyo ndiye aliyeandika Heart of Darkness, kile ambacho Chinua Achebe alikipasua kwenye mhadhara wake wa 1975 huko Massachusetts, akasema wazi kinawafanya Waafrika kuwa mandhari tu ya wazimu wa mzungu. Nimekisikiza chote. Na Achebe alikuwa sahihi, na nilimwelewa zaidi baada ya kusikia kwa masikio yangu jinsi watu weusi mle ndani hawapewi nafasi ya kusema karibu lolote. Kwa sauti hilo linaonekana wazi zaidi kuliko kwenye karatasi. Saa nzima inapita, anayeongea ni mzungu tu.

Lakini pia mle ndani kuna Olaudah Equiano, aliyetoa maisha yake kwa kitabu 1789 baada ya kujinunulia uhuru. Kuna Du Bois, The Souls of Black Folk, 1903. Kwa hivyo si kweli ni wazungu watupu. Kilicho kweli ni kwamba ni Kiingereza kwa wingi wa kupindukia, Kijerumani na wengine wanafuata kwa mbali, na Kiswahili kiko nyuma sana. Na hapo nikaanza kujiuliza nani wa kulaumiwa. Si wao. Wao hawachagui. Msomaji ndiye anachagua kitabu. Kikosekana, ni kwa sababu hakuna aliyekuja kukisoma.

Na hiyo ni aibu ya kipekee, kwa sababu fasihi yetu ya zamani ilitengenezewa masikio. Mwana Kupona alitunga utendi wake 1858 huko upande wa Lamu, akiwa mgonjwa, amtolee wasia binti yake Mwana Hashima. Hakuuandika binti aukodolee macho kimya chumbani. Tenzi zina mahadhi, zinaghaniwa, mmoja anasoma na nyumba nzima inasikiza. Tulichofanya sisi ni kuzichukua, kuzibana kwenye karatasi ya mtihani, na kumuuliza mtoto wa kidato cha tatu ataje mizani na vina. Halafu tunashangaa anachukia ushairi. (Kuna sehemu za utendi huo, zile za kumtumikia mume, ambazo zitakuwasha wewe dada wa 2005. Vizuri. Bishana nao. Lakini huwezi kubishana na kitu hujawahi kusikia.)

Sasa hesabu ya sheria. Alice Werner aliuchapa utendi huo 1917. Toa 1917 kwa mwaka huu uone kama 95 haijapita kitambo. Edward Steere alichapa London, 1870, ngano alizokusanya Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Unakumbuka ile hadithi ya kima na papa, kima anaambiwa moyo wake unatakiwa, anasema ameuacha mtini? Ile tuliyosoma primari, wengine mliambiwa ni mamba? Imo mle, ndani ya kisa cha punda wa dobi. Zaidi ya miaka 150 iko kwa karatasi, na haina mwenyewe wa kukukataza kuisoma. Shaaban Robert hapana, bado. Alifariki 1962 na vitabu vyake vingi havijafikisha hiyo miaka 95 ya Marekani. Na tafadhali usiende kusoma riwaya ya mtu aliye hai ukaipakia ati unasambaza elimu. Huyo mwandishi analipa nyumba kama wewe. Mnunulie kitabu.

Kuna sababu nyingine ya kutaka sauti zetu ziwe pale, na hii wachache wanaiongelea. Mwaka 2015 watafiti walichukua saa kama 1,000 za usomaji wa Kiingereza kutoka LibriVox, wakatengeneza mkusanyiko unaoitwa LibriSpeech. Ulitumika na unatumika kote duniani kufundisha kompyuta kusikia binadamu. Yaani yule mzee wa koo kavu alifundisha mashine. Yule mama wa Marekani pia. Sasa fikiria venye simu yako inakuandikia upuuzi ukiongea Kiingereza chako cha Kariobangi, unarudia mara tatu, mwishowe unajifanya Mmarekani ndio ikuelewe. Mashine inajua kile ilichosikia. Kama hatuko kwenye sauti ilizofundishwa, itatusikiaje? Siahidi kwamba ukisoma sura moja simu yako itaamka kesho ikijua kusema "Githurai". Nasema tu kwamba sauti zilizowekwa wazi ndizo zilizochukuliwa, na sisi hatukuwa wengi pale.

Kwa hivyo nilijaribu. Utaratibu hauna maringo. Unarekodi dakika moja ya jaribio, unatuma. Wanaangalia sauti kama inatosha, kama kuna kelele, kama umeihifadhi inavyotakiwa. Hawakupimi lafudhi. Hakuna usaili. Mimi waliniambia niongeze sauti kidogo, basi. Sikuulizwa nimesomea wapi, jambo ambalo kwa mtu wa hali yangu ni kama kupewa kiti. Programu ya kurekodi ni Audacity, bure pia. Ukimaliza sura, kuna mtu mwingine wa kujitolea anayekusikiza mwanzo hadi mwisho, kukwambia umerudia mstari dakika ya nne. Hiyo tu. Kukosoa sauti ya mtu bila yeye kuomba hawaruhusu, na natamani sheria hiyo ingehamia kwingine mtandaoni.

Shida ya kweli ni Rongai. Keja yangu ni bedsita ya mabati juu, kwa hivyo mvua imefuta. Chini kuna fundi wa vyuma. Jirani wa kushoto anaamka na nyimbo za injili saa kumi na moja, wa kulia analala na gengetone. Boda zinapita na honi. Nilipata dirisha moja tu, kati ya saa nane na saa kumi usiku, chini ya blanketi, simu ikiwa kwenye rundo la nguo. Jasho si mchezo. Dakika 11 za sura zilinichukua usiku tatu, na usiku wa pili jogoo wa mtu aliamua kuwa sehemu ya fasihi ya Kiingereza. Lakini sura iko pale. Mtu fulani Ufilipino ama Ujerumani atafika kwa sura yangu, atashtuka kidogo na hiyo "r" yangu, halafu atazoea. Kama nilivyomzoea mzee.

Ukitaka kuanza kusikiza, usianze na Moby Dick, utanichukia. Anza na visa vya Sherlock Holmes, kile kitabu cha 1892, kila kisa kinajitegemea na unaweza kukimaliza safari moja ya kwenda na kurudi kazini. Kikikutatiza Kiingereza cha kale, fungua maandishi Project Gutenberg, bure pia, ufuate kwa macho. Msomaji akikuboesha, angalia kama kitabu hicho kina rekodi nyingine, mara nyingi vitabu maarufu viko hata mara tano, sita. Hakuna mkataba uliotia sahihi.

Na kwa upande wa Kiswahili, tuko watatu mpaka sasa. Mimi, dada mmoja wa Kisauni mwenye sauti ya kukufanya ulipe deni, na mwalimu mmoja mstaafu wa huku Kiserian ambaye tumemfundisha kutumia Audacity kwa wiki mbili na bado anaiita "ile odi". Tunaanza na kima na papa. Tahajia ya Steere ni ya zamani kidogo lakini ukisoma kwa sauti inakuwa Kiswahili cha kawaida tu. Kinachotukwamisha ni Mwana Kupona. Ile ni lahaja ya kaskazini, na Kiamu changu ni cha Rongai, siwezi kumfanyia huyo mama hivyo. Kama unatoka Lamu, Siyu, Pate, ama nyanya yako anajua kughani tenzi na hajali kukaa chini ya blanketi dakika 20, niandikie. Simu yoyote itafaa. Jogoo mfungie mbali.